Kalenga au Songea? Kuchagua makumbusho ya vita dhidi ya Wajerumani

Nauli uliyonayo ni ya safari moja, likizo ni ya siku nne, na majina yaliyo mbele yako ni mawili: Kalenga, nje kidogo ya Iringa, na Songea. Kote kuwili kuna makumbusho ya watu waliopigana na Wajerumani wakashindwa, na kote watakwambia pale kwao ndipo historia ilipo. Uende wapi?

Zamani nilikuwa nalijibu swali hili kwa kupenda kwangu, na nikawapeleka watu kusikowafaa. Siku hizi namuuliza mtu kwanza anataka kuona nini. Ila kuna jambo namwambia kila mmoja kabla hajafungasha: haya ni makumbusho madogo. Ukizoea picha za makumbusho ya Ulaya yenye ghorofa tano na mkahawa chini, utaingia Kalenga na baada ya dakika ishirini utatoka ukiuliza, "Ndiyo hii tu?" Kinachoyafanya yawe makubwa ni mahali yaliposimama na mtu anayekusimulia. Usiingie bila msimulizi, hata kama unajiona umesoma.

Vigezo nilivyotumia

Nimeyapima kwa mambo matano. La kwanza ni kisa chenyewe, maana vita hivi viwili havifanani. La pili ni kile unachokiona kwa macho yako ukifika. La tatu ni kuokoka, na hili watu wengi husahau kuliuliza: vita ilipokuwa inaendelea, watu walikula nini, walijificha wapi, nani aliwalisha? Mkuki ukutani haujibu maswali hayo. La nne ni njia na gharama. La tano ni uzito wa mambo utakayoyakuta, hasa kama una watoto au mzee ambaye hapendi habari za maiti.

## Kalenga: Makumbusho ya Mkwawa

Kisa. Hapa unaingia katika habari za mtu mmoja. Mtwa (yaani mtawala) Mkwawa wa Uhehe alikuwa amekwisha kuitawala nyanda hii ya juu Wajerumani walipoamua kumshika. Tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Emil von Zelewski kilikuwa kinapita Lugalo kwa mstari mrefu, Wahehe wakakivamia kutoka vichakani. Zelewski aliuawa pamoja na maofisa wake kadhaa wa Kizungu na mamia ya askari na wapagazi, na bunduki zikabaki mikononi mwa Wahehe. Ukipita barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam ukaona kambi ya Lugalo na hospitali yake ya jeshi, jina limetoka hapo.

Wajerumani walirudi miaka mitatu baadaye na mizinga. Tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ilianguka mbele ya jeshi la Gavana Friedrich von Schele. Mkwawa hakukamatwa. Aliingia porini akapigana kwa kuvizia kwa miaka minne, huku kichwa chake kimewekewa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, alipoona wanamfikia, alijipiga risasi huko Mlambalasi. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Kisha kisa kinahamia Ulaya. Mwaka 1919, katika Mkataba wa Versailles uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Mkwawa kupitia Uingereza. Kifungu hichohicho ndicho kinachodai Msahafu wa Khalifa Uthman urudishwe kwa Mfalme wa Hijazi. Ilipita zaidi ya miaka thelathini bila fuvu kuonekana. Gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, Edward Twining, alilipata katika mji wa Bremen, Ujerumani, katika miaka ya 1950, na Juni 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, yule ambaye baadaye akawa Spika wa Bunge letu.

Cha kuona. Ni fuvu lenyewe, ndani ya kioo. Kuna silaha pia, na vitu vya nyumba ya utawala, na nje kuna makaburi ya ukoo. Lakini kila mgeni huishia kusimama mbele ya kile kioo.

Muulize msimulizi wako lilitambuliwaje. Bremen yalikuwapo mafuvu mengi, na hili lilichaguliwa kwa vipimo vilivyolinganishwa na vichwa vya jamaa wa ukoo, pamoja na tundu la risasi. Wapo wanahistoria ambao hawakuridhika na njia hiyo mpaka leo. Kwangu mimi shaka hiyo haiharibu ziara, bali inaiongezea. Utakuwa unaangalia namna Wazungu walivyokusanya vichwa vya watu wetu wakavijaza makabatini hadi hawajui tena kipi ni cha nani.

Ngome yenyewe, waliyoiita Lipuli, imebaki kidogo sana. Usije ukitarajia kuta kama za Kilwa. Simama nje, uliza kilima cha Tosamaganga kiko upande gani, halafu fikiria mizinga. Macho yako hayatapata zaidi ya hapo, ila kwa mwenye kufikiri yanatosha.

Kuokoka. Hapa Kalenga ina hazina ambayo haiko ndani ya jengo. Miaka minne ya porini haiishiki na mtu peke yake. Kuna aliyempikia Mkwawa, kuna aliyempelekea habari kwamba askari wamelala kijiji gani, na kuna aliyeulizwa akasema hajamwona. Wajerumani walimweka Mpangile, ndugu yake, atawale badala yake mwishoni mwa 1896, na miezi michache tu baadaye wakamnyonga kwa kumshuku kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri. Ukitaka kuielewa sehemu hii, makumbusho peke yake hayatoshi. Endelea hadi Mlambalasi, kilomita 50 hivi kutoka Iringa mjini, kwenye mawe makubwa alikofia na lilipo kaburi la kiwiliwili chake. Mtu akiona yale mawe, maana ya kujificha inamwingia bila maelezo.

Njia na gharama. Kalenga ndiyo nyepesi. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni kama kilomita 500, safari ya mchana mmoja kupitia Mikumi na mlima Kitonga, na ukikaa dirishani unaweza kuona twiga bila kulipa kiingilio cha hifadhi. Kutoka Iringa mjini hadi Kalenga ni kilomita 15 tu, kwenye barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, kwa hiyo daladala au bodaboda inakufikisha. Mlambalasi ni habari nyingine: kodi gari au patana na bodaboda kwa kwenda na kurudi, na mwambie akusubiri. Juni na Julai beba koti. Watu wa Pwani hawaliamini neno hili mpaka wafike.

Siku ya pili mjini haitakosa kazi. Kuna makumbusho ya mkoa katika Boma la Wajerumani, yaliyofunguliwa 2016, na yana maelezo yaliyopangwa vizuri kuliko Kalenga. Kuna pia Isimila na zana zake za mawe, kwenye barabara ya Mbeya.

Uzito. Fuvu la binadamu linamtosha mtoto wa miaka saba kuota usiku, na wapo watu wazima ambao imani yao haiwaruhusu kuona mifupa ya marehemu ikiwekwa kabatini. Hilo ukilijua mapema, wanaweza kubaki nje kwenye makaburi na hadithi ikawafikia hukohuko. Ukiacha fuvu, Kalenga haielemei moyo sana. Ni hadithi yenye ushindi mwanzoni, ukaidi katikati, na kurudi nyumbani mwishoni.

## Songea: Makumbusho ya Majimaji

Kisa. Vita vya Majimaji havikuanzia Songea. Vilianza Julai 1905 huko Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Dawa ya maji ilikuwa imetoka kwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, naye Wajerumani walimnyonga Agosti 4 mwaka huohuo, vita vikiwa vichanga. Dawa ilisafiri bila yeye. Ilipofika Ungoni, watawala wawili wakubwa, Mputa Gama wa Njelu na Chabruma wa Mshope, waliingia vitani, pamoja na manduna (viongozi wa chini) wao. Misheni ya Wabenediktini ya Peramiho ilichomwa moto. Wiki chache baadaye bunduki za rashasha zilikuwa zimeshaonyesha kwamba risasi hazigeuki maji.

Siku inayobeba makumbusho haya ni 27 Februari 1906. Siku hiyo Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Ungoni hadharani, na hesabu inayotajwa Songea ni watu 67. Baadhi yao walibatizwa kabla ya kupanda kwenye kitanzi. Mwanamke pekee anayetajwa kati yao ni Mkomanile. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, alinyongwa baada ya wenzake, na wazee husimulia kwamba alikuwa na nafasi ya kuachwa hai akaikataa.

Cha kuona. Hapa kinachokusimamisha kiko nje, si ndani. Uwanja una sanamu za mashujaa na kaburi la pamoja walimozikwa walionyongwa, na kaburi la Songea Mbano liko peke yake. Kichwa cha Mbano inaaminika kilipelekwa Ujerumani, na wazao wake bado wanakidai. Linganisha na Kalenga: kule fuvu limerudi na watu wanabishana kama ni lenyewe, huku kaburi lipo na watu wanajua halijakamilika.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama katika uwanja huu akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Uliza wenyeji waliyasikiaje maneno yale. Utapata majibu zaidi ya moja, na nadhani mazungumzo hayo yana faida kuliko maandishi mengi ya ukutani.

Ndani kuna mikuki, ngao, vyombo vya nyumbani na picha za zamani. Vinasaidia, lakini ukiwa na saa moja tu, tumia dakika arobaini nje. Mwenye muda zaidi aulize pia kuhusu nyumba ya kumbukumbu ya Rashidi Kawawa iliyopo Bombambili.

Kuokoka. Sehemu hii nataka niikalie kidogo, kwa sababu ndiyo hufichwa na hadithi ya kitanzi. Walionyongwa Songea walikuwa makumi, lakini waliokufa katika Majimaji yote ni makumi ya maelfu. Wajerumani wenyewe walikiri 75,000, na wanahistoria wengine wanafikisha 250,000 hadi 300,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Walipoona vita vya kuvizia haviishi, Wajerumani waligeukia chakula: walichoma vijiji, wakateketeza vihenge, wakaharibu mashamba na kuwazuia watu wasilime. Njaa ikamaliza kazi. Aliyeokoka aliokoka kwa mizizi na matunda ya porini, kwa kuvuka Ruvuma, au kwa kujisalimisha kituoni ili apate nafaka. Chabruma mwenyewe alikimbilia upande wa Wareno, akafia huko.

Nchi kubwa ya kusini ilibaki bila watu. Pori likarudi, na mbung'o wakarudi nalo. Sehemu ya nchi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa pori la akiba la Selous, ambalo sehemu yake sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ukiwa Songea, usiridhike na hadithi ya Februari 27 peke yake. Muulize msimulizi: "Na njaa je?" Swali hilo huwafungua watu, maana kila ukoo una bibi wa bibi aliyepita humo.

Njia na gharama. Songea ni mbali, hakuna cha kufichaficha. Kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa, Makambako na Njombe ni zaidi ya kilomita 900. Hesabu siku nzima ya kwenda na nyingine ya kurudi, na nauli yake kwa familia ya watu watano si ya mchezo. Anayetoka Mtwara au Masasi ana nafuu: barabara ya lami kupitia Tunduru imeunganisha kusini yote. Ukishafika, makumbusho yako mjini hapohapo, huhitaji kukodi gari.

Novemba hadi Aprili ni mvua. Bahati mbaya kumbukumbu ya kila mwaka huangukia katikati yake, siku za mwisho za Februari. Ni wakati mzuri kuliko wote kwa mtu anayetaka kuona ngoma na wazee wa mila, na ni wakati mbaya kuliko wote kwa mtu anayetaka kimya na gesti ya bei nafuu.

Uzito. Hakuna mfupa wowote utakaouona, na bado Songea ni nzito kuliko Kalenga. Kaburi la watu wengi linafanya kazi taratibu. Watoto wadogo watakimbilia sanamu wakapanda juu yake, na hawatadhurika na kitu. Wenye umri wa kuelewa maana ya kunyonga watatoka kimya. Mimi naona miaka kumi na mbili ni umri mzuri wa kuanzia, ila wewe unamjua mwanao.

## Jambo linalosemwa kwa sauti ya chini

Kabla hujaamua, jua kwamba makumbusho haya mawili hayaelezi vita vya watu walewale upande uleule. Wahehe na Wangoni walikuwa wamepigana wao kwa wao vibaya sana kati ya 1878 na 1882, na utani wao wa leo haukutoka hewani. Majimaji yalipofika 1905, Uhehe haukuinuka. Ulikuwa umeshamwaga damu yake miaka saba nyuma, na baadhi ya Wahehe walitembea na vikosi vya Kijerumani kwenda kuwapiga walioinuka. Kabla ya hapo, Mkwawa na Wangoni wote walikuwa wameteka na kutawala majirani wadogo, ambao nao wana kumbukumbu zao na hawana makumbusho.

Silisemi ili kumshusha mtu. Nalisema kwa sababu ukienda mahali pamoja tu utarudi na hadithi iliyonyooka, na historia ile haikuwa imenyooka. Hata mpira umerithi: Iringa wana Lipuli, jina la ngome, Songea wana Majimaji na uwanja wake.

## Nani aende wapi

*Una siku mbili au tatu, unatoka Dar, Morogoro au Dodoma:* Kalenga. Songea kwa siku tatu ni kukaa kwenye basi.

*Unakwenda Ruaha kuona wanyama:* Kalenga iko njiani, ingia. Ukipanga saa vizuri, Mlambalasi nayo inaingia siku hiyohiyo.

*Wewe ni mwalimu na unaleta darasa:* inategemea unafundisha nini. Kama ni upinzani wa chifu mmoja na dola yake, mbinu za vita, na mabaki ya miili yaliyochukuliwa na wakoloni, Kalenga na Boma la Iringa vinakupa siku kamili. Kama unataka wanafunzi waone kwa nini makabila mengi yaliungana, na ushindi wa mkoloni uligharimu nini kwa watu wa kawaida, safari ndefu ya Songea inalipa. Wape kazi ya kuuliza habari za njaa.

*Una watoto chini ya miaka kumi:* Songea, kama mko kusini tayari. Kama sivyo, Kalenga, na watoto wabaki nje na mtu mzima mmoja wakati wengine wanaliona fuvu.

*Una mzee anayeona ni dhambi kuangalia mifupa:* Songea. Atasimama kaburini, ataomba, na atarudi ameridhika.

*Unapenda vitu na ushahidi, hupendi hotuba:* Kalenga, kwa ajili ya kile kioo na maswali yanayokizunguka.

*Unataka kuona kumbukumbu iliyo hai:* Songea mwishoni mwa Februari. Weka nafasi ya kulala mapema na ubebe mwavuli.

*Unakwenda Mbinga, Mbamba Bay au Ziwa Nyasa:* Songea ni lango lako. Lala usiku mmoja, asubuhi ingia makumbusho, mchana endelea ziwani.

*Unaweza kwenda kote kuwili:* anza Kalenga, kisha kata kona Makambako ushuke Songea. Utakuwa unafuata miaka ilivyokwenda, 1891 hadi 1898, halafu 1905 hadi 1907. Ukianzia Songea utalazimika kuisoma hadithi kinyumenyume.

Popote utakapochagua, beba kitambulisho cha uraia, maana wageni kwa kawaida hutozwa bei nyingine. Uliza mapema namna ya kulipa, usitegemee noti mfukoni. Fika asubuhi, wakati msimulizi bado ana sauti. Na mchangie kitu yule anayekusimulia, akiwa mtumishi wa pale au mzee wa mtaani aliyejitokeza tu, baada ya kumuuliza lile swali la nani alimpelekea Mkwawa chakula, au bibi zake walikula nini mwaka ule vihenge vilipoungua.